Msiri na Bei ya Baruti

Katika Kiswahili cha mji wetu wa Lubumbashi, mtu anayekwenda sokoni na pesa mkononi anakwenda kuuza, na mama aliyeketi nyuma ya meza ya mboga anauzisha. Mgeni kutoka Dar es Salaam au Mombasa hushangaa, kwa sababu kwake kuuza ni kazi ya mwenye mali. Walimu wetu wanatufundisha kuandika kununua katika mitihani, nasi tunaandika. Tukifika sokoni Kenya tunarudia lugha yetu. Mtani anaweza kusema kwamba huku Katanga mnunuzi na mwuzaji wamechanganyika tangu zamani, hata haijulikani nani anamlipa nani. Maisha ya mtu tunayemsimulia hapa yana jambo la namna hiyo. Alitumia karibu miaka 35 kutafuta bidhaa moja iliyokuwa adimu, akitaka kuipata kwa bei anayoiona ni ya haki, na mwishowe aliombwa kuilipia kwa nchi nzima. Bidhaa hiyo ni baruti. Mtu huyo ni Ngelengwa Mwenda, anayejulikana zaidi kwa jina la Msiri, mfalme wa Garanganze.

Alizaliwa karibu mwaka 1830 huko Usumbwa, magharibi ya nchi inayoitwa leo Tanzania. Baba yake, Kalasa, alikuwa mtu wa misafara. Alivuka Tanganyika na Luapula kutafuta shaba, akairudisha kwao na kuipitisha katika mikono ya wafanyabiashara wengine waliofuata njia ya pwani. Shaba ya Katanga wakati ule iliyeyushwa wakati wa kiangazi, ikamiminwa katika kalibu za umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilitumika kulipia mahari, faini na bidhaa, mbali sana na machimbo yenyewe. Kijana Ngelengwa alikua akiona kwamba kitu kilicho cha kawaida mahali pamoja huwa tunu mahali pengine, na kwamba faida iko katika mwendo wa kati ya mahali pale pawili.

Karibu mwaka 1856 alikuja mwenyewe, pamoja na kundi la wenzake waliopata huku jina la Wayeke. Walileta bunduki chache. Hazikuwa silaha za ajabu: yalikuwa magobori yanayojazwa kwa mdomo, ambayo huchelewa kupakiwa na hushindwa kuwaka mvua ikinyesha. Lakini kwa Wasanga, waliokuwa wakisumbuliwa na mashambulizi ya Waluba, magobori hayo yalitosha. Masimulizi ya Wayeke yanasema kwamba Ngelengwa aliwafukuza washambuliaji, na kwamba chifu mzee Mpande, kwa shukrani, alimpa mamlaka. Wasanga wengine wanaisimulia habari hii kwa namna isiyomsifu mgeni sana. Pande zote mbili, hata hivyo, zinakubaliana juu ya jambo moja: kabla ya Msiri kuwa na ardhi, watu au cheo, alikuwa na baruti.

Hapa tusimame kidogo, tueleze kwa nini baruti ilikuwa ngumu kupatikana. Risasi haikuwa tatizo, maana wahunzi wa Katanga waliweza kuitengeneza kwa shaba yao wenyewe. Mitutu ilidumu miaka mingi ikitunzwa. Baruti peke yake ndiyo iliyokwisha kila inapotumika, na viungo vyake havikuchanganywa huku. Ilitengenezwa ng'ambo ya bahari. Ikabebwa mabegani mwa wapagazi kwa njia ya zaidi ya kilomita 1,500, ukielekea pwani ya mashariki au pwani ya magharibi. Njiani ilitishwa na unyevu, na cheche moja ya moto wa kambi iliweza kuimaliza pamoja na walioibeba. Kila chifu aliyepitiwa alidai hongo. Basi kikapa kimoja kilichofika Katanga kilikuwa kimebeba gharama za safari nzima, na aliyekifikisha aliweza kutaja bei yoyote, ikiwa mnunuzi hana pengine pa kwenda.

Msiri alilielewa jambo hilo mapema kuliko watawala wengi wa zama zake. Alikuja kwa njia ya mashariki, na njia hiyo ilikuwa mikononi mwa Waarabu, Waswahili na Wanyamwezi, ikipita pia katika maeneo ya Kazembe wa Luapula, aliyejihesabu bwana wa Katanga. Kama angebaki na mlango huo mmoja, Kazembe au tajiri wa pwani angeweza kumnyonga kwa kuufunga. Kwa hiyo alitafuta mlango wa pili. Aliwakaribisha Wavimbundu, wafanyabiashara hodari wa Bié, ambao misafara yao ilishuka hadi Benguela, katika pwani ya Angola. Aliimarisha urafiki huo kwa ndoa: mmoja wa wake zake mashuhuri alikuwa Maria da Fonseca, mwenye asili ya Kireno na Kiafrika, ndugu wa mfanyabiashara Coimbra. Tangu hapo, tajiri wa mashariki akipandisha bei, Msiri aliweza kuelekeza pembe zake magharibi. Tajiri wa magharibi akileta baruti iliyolowa, pembe zilielekezwa tena mashariki.

Mji wake wa Bunkeya, ulioinuka karibu mwaka 1880, uliishi kwa kanuni hiyo. Watu wa lugha nyingi walikutana pale. Shaba ilifika kutoka machimbo ya kusini, chumvi kutoka Mwashya, pembe za ndovu kutoka kila upande. Wayeke walijua pia kuivuta shaba ikawa waya mwembamba wa vikuku, na bidhaa hiyo ilipendwa mbali. Pembe zilipaswa kupitia kwa mfalme. Mwindaji wa kijijini hakuruhusiwa kujadiliana na msafara kwa siri, kwa sababu wauzaji wengi wangeharibu bei ambayo mfalme mmoja alikuwa ameijenga. Sisi wa kitivo cha lugha tunavutiwa na jambo jingine: maneno bei, bunduki na baruti, yote yenye asili ya Kiarabu, yalisafiri katika njia za misafara pamoja na vitu vyenyewe. Kiswahili cha Lubumbashi tunachokisema leo kilikomazwa hasa baadaye, katika kambi za wafanyakazi wa migodi; lakini sauti zake za kwanza zilikuwa zimekwisha sikika Bunkeya.

Lazima sasa tuulize bei hiyo ilikuwa ya haki kwa nani. Shaba na pembe hazikutosha kulipia baruti yote. Sehemu ya malipo ilikuwa watu. Vita vilileta mateka, mateka walikwenda na misafara, misafara ilirudi na baruti, na baruti ilianzisha vita vingine. Mwanamke aliyetekwa kijijini mwake na kupelekwa Bié hakuwa na milango miwili ya kuchagua. Wageni waliofika Bunkeya waliona pia mafuvu ya watu yakipamba maboma ya mfalme. Wapo wanaomsimulia Msiri kama shujaa tu, na wapo wanaomwona dhalimu tu. Anayefuata njia ya baruti anakutana na mtu mmoja mwenye akili kali ya biashara, aliyewapatia watu wake nguvu ya kujadiliana na ulimwengu, na aliyewafanya watu wengine kuwa sarafu ya majadiliano hayo.

Wazungu walianza kufika wakati mambo yangali imara. Mwaka 1884 alikuja Mjerumani Paul Reichard, na mwaka huo huo Mreno Roberto Ivens. Mwezi wa Februari 1886 aliingia Mskoti Frederick Stanley Arnot, mmisionari aliyetokea Benguela. Msiri alimpokea vizuri na kumruhusu akae. Huenda aliona kwamba Mzungu mkazi angevutia misafara mingine. Arnot hakuuza baruti, lakini yeye na wenzake waliomfuata, kama Charles Swan na Dan Crawford, walimpa mfalme huduma ambayo hakuwa nayo kabla: walisoma na kutafsiri karatasi za Wazungu. Novemba 1890 Alfred Sharpe alifika kwa niaba ya kampuni ya Cecil Rhodes, akiwa na mkataba wa kutia alama. Maana yake ilipoelezwa katika lugha inayoeleweka, Msiri alikataa. Tafsiri ile ya uaminifu ilimwokoa kwa mwaka mmoja.

Wakati huo huo milango yake ilikuwa inafungwa mmoja baada ya mwingine. Tangu 1888 pwani ya mashariki ilikuwa katika vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, na meli za Ujerumani na Uingereza zilizuia silaha kuingia. Julai 1890, mjini Brussels, mataifa makubwa yalitia saini mkataba uliobana biashara ya bunduki na baruti katika sehemu kubwa ya Afrika, pamoja na ule wa pombe kali. Kile kilichokuwa adimu kwa sababu ya umbali kikawa adimu kwa sababu ya sheria. Kisha hatari ikatoka nyumbani. Wasanga, waliochoshwa na ushuru na ukatili, waliasi. Walikata njia za misafara na kuharibu mashamba, na njaa ikaingia Bunkeya. Mfalme alihitaji baruti kuliko siku zote, na hakukuwa na msafara wa kumletea.

Mwaka 1891 wajumbe wa Dola Huru la Kongo, milki ya Leopold II, walifuatana. Paul Le Marinel alifika Aprili, akaacha kituo kidogo karibu na mto Lofoi. Alexandre Delcommune alifika Oktoba. Msiri alitaka baruti kutoka kwa kila mgeni, na kila mgeni alitaka bendera ya Dola isimikwe Bunkeya. Kwa mtu aliyezoea kupima pembe kwa vikapa, ombi hilo lilikuwa la kipimo kigeni kabisa. Alifanya kile alichokuwa amekifanya maisha yake yote: alitafuta mlango wa pili. Alipeleka barua kumwita Sharpe arudi, ili Waingereza na watu wa Leopold washindane mbele yake kama walivyoshindana zamani watu wa Bié na watu wa pwani. Barua hiyo haikufika. Ilikamatwa njiani na William Grant Stairs, Mkanada aliyeajiriwa na Leopold, ambaye alikuwa akija Katanga na msafara wa zaidi ya watu 300, wengi wao wakiwa wapagazi na askari wa pwani ya Waswahili.

Stairs aliingia Bunkeya tarehe 14 Desemba 1891, baada ya safari ya miezi mitano kutoka Bagamoyo. Sasa mfalme alikuwa na mnunuzi mmoja tu, na mnunuzi huyo alilijua hilo, kwa kuwa alikuwa ameisoma barua. Mazungumzo yalidumu siku chache. Msiri alivuta muda, kama mfanyabiashara yeyote anayesubiri bei ishuke. Tarehe 19 Stairs alisimamisha bendera bila ridhaa yake, na usiku Msiri aliondoka kwenda kijiji cha jirani. Kesho yake, 20 Desemba, Kapteni Omer Bodson alitumwa na askari kumleta. Maneno yakawa makali, na Bodson akampiga mfalme risasi. Yeye mwenyewe akapigwa na watu wa Msiri, akafa siku ile ile. Masimulizi ya Wayeke yanashikilia kwamba kichwa cha mfalme kilikatwa na kuchukuliwa, na suala la mahali kilipo halijafungwa.

Stairs hakuishi kuona thawabu: alikufa kwa homa huko Chinde, katika mlango wa Zambezi, Juni 1892. Mukanda Bantu, mwana wa Msiri, alitambuliwa kuwa mrithi juu ya eneo dogo, chini ya bendera ile. Mwaka 1906 ilianzishwa Union Minière du Haut-Katanga, na mwaka 1910 reli ikafika Élisabethville, mji wetu. Shaba iliyokuwa ikienda pwani mbili kwa mabega ya watu sasa ilipelekwa kwa treni, na bei yake ilitajwa katika miji ambayo wachimbaji hawakuijua. Bunkeya, hata hivyo, haikufa. Ukoo wa Mwenda ungali unatawala kwa jadi, na kila tarehe 20 Desemba Wayeke hukusanyika kumkumbuka mfalme wao, huku Wasanga wakiwa na kumbukumbu zao.

Katika malori yanayopita leo barabara ya Likasi yakibeba shaba na kobalti, wako ndugu na wazazi wetu wanaofanya kazi, na wako wachimbaji wadogo wanaouza gunia la mawe kwa mtu mmoja anayewasubiri na mizani yake. Mizani ni ya mnunuzi, na hesabu ni yake pia. Msiri angelitambua tatizo hilo mara moja, na pengine angeuliza kama kuna mwenye mizani mwingine upande wa pili wa mlima. Mateka wake nao, kama wangeweza kusema, wangetuuliza ni nani aliyemo ndani ya gunia.