Kazimieras Būga na Asili ya Majina ya Mataifa

Kazimieras Būga ni miongoni mwa wanaisimu waliodhihirisha kwamba jina la nchi ni hazina ya historia. Alizaliwa mwaka wa 1879 katika kijiji cha Pažiegė, kaskazini-mashariki mwa Lithuania, wakati huo ikitawaliwa na Urusi. Kuanzia 1864 hadi 1904, watawala hao walipiga marufuku uchapishaji wa Kilithuania kwa alfabeti ya Kilatini. Būga alikulia, basi, katika lugha iliyonyimwa vitabu.

Mwaka wa 1902 alianza kukusanya maneno kwa ajili ya kamusi kuu ya lugha yake, na mwaka wa 1905 akajiunga na Chuo Kikuu cha St. Petersburg. Sambamba na kamusi, alichunguza majina ya watu, ya makabila na ya mito.

Kilithuania huunda majina mengi ya nchi kwa kuambisha -ija kwenye jina la watu, ilhali Kiswahili hutanguliza U-. Lenkas, yaani Mpolandi, huzaa Lenkija; vokietis, yaani Mjerumani, huzaa Vokietija. Anayetafuta asili ya jina la nchi hana budi kuanza na wenyeji wake jinsi majirani walivyowafahamu. Lenkas huhusishwa na Lędzianie, kabila la kale la Kislavi. Gudas, jina la kimapokeo la Mbelarusi, Būga alilihusisha na Wagothi. Aidha, alionyesha kuwa mito mingi ya Belarusi ina majina ya Kibalti, ishara kwamba jamaa za Walithuania waliwahi kuishi huko kabla ya Waslavi.

Alirejea nchini mwake mwaka wa 1920, na chuo kikuu kilipofunguliwa jijini Kaunas mwaka wa 1922, akawa profesa. Toleo la kwanza la kamusi yake lilichapishwa mwaka wa 1924. Mwezi wa Desemba mwaka uo huo alifariki jijini Königsberg, akiwa na umri wa miaka 45.

Wengine waliipokea kazi hiyo. Juzuu ya kwanza ya kamusi ilitoka mwaka wa 1941 na ya 20, ambayo ndiyo ya mwisho, mwaka wa 2002. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Būga alichumia juani. Waliokula kivulini ni wajukuu wa lugha yake.