Joy Adamson: Kabla ya Simba Palikuwa na Maua

Ukimtaja Joy Adamson hapa shuleni, kila mtu atakwambia, ah, yule mama wa Elsa! Ni kweli, kitabu chake Born Free kilichotoka 1960 kilimfanya ajulikane dunia nzima. Lakini kumbe mama huyo alikuwa mchoraji kabla hata Elsa hajazaliwa, na mwalimu wake alikuwa bingwa wa mishubiri!

Alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 mjini Troppau, wakati huo ukitawaliwa na Austria, leo ni Opava katika Jamhuri ya Cheki. Jina lake halisi ni Friederike Victoria Gessner. Ujanani alijaribu piano, uchongaji na ushonaji, hapana alipotulia. Mume wake wa kwanza, aliyekuwa Myahudi, aliona hatari ya Wanazi inakaribia, akamtuma Kenya mwaka 1937 atafute mahali pa kuhamia.

Basi katika meli ya kuja Mombasa akakutana na Peter Bally, Mswisi mtaalamu wa mimea. Mambo yakageuka humo humo baharini. Mume alipofika alikuta ndoa imekwisha, na 1938 bibi akaolewa na Bally. Huyu ndiye aliyemwita Joy, jina likamganda. Mimi namhurumia yule wa kwanza, lakini tuendelee.

Bally alifanya kazi katika Makumbusho ya Coryndon, Nairobi. Alipenda mno mimea minene ihifadhiyo maji, yaani jamii ya mishubiri na minyaa. (Dungusi kakati tunayoiona uani asili yake ni Amerika, si yetu.) Sasa hebu fikiri: ua la kawaida unalibana kwenye karatasi, linakauka, unaliweka kabatini miaka mia. Mmea mnene je? Ukiubana unaoza, au unakaidi kufa na kuendelea kuchipua humo humo kwenye karatasi! Na hata ukikauka, umbo limepotea: unene wa jani, mpangilio wa miiba, rangi, vyote havipo tena. Ndiyo sababu mchoro wa rangi si pambo tu, ni ushahidi. Bally mwenyewe alichora, na mwaka 1961 alitoa kitabu kizima kuhusu kundi moja la mimea hiyo, Monadenium.

Katika safari zao za porini Bally alimhimiza mkewe ashike brashi, na Joy hakuiachia tena. Alichora mamia ya maua ya nchi hii, mengine yakatumika katika vitabu vya bustani na vya miti ya Kenya. Mwaka 1947 Chama cha Kifalme cha Bustani cha Uingereza kilimpa nishani ya dhahabu ya Grenfell. Si mchezo, kwa mtu aliyeanza kuchora maua ukubwani.

Mwaka 1944 alikuwa ameshaachana na Bally na kuolewa na George Adamson. Baadaye serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora watu wa makabila ya Kenya katika mavazi yao ya asili, wakiwemo wa huku Pwani. Ukitazama picha hizo utaona jicho lile lile la maua: kila ushanga na kila mkunjo wa nguo umehesabiwa. Michoro mingi imo katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi.

Aliuawa huko Shaba tarehe 3 Januari 1980. Kwanza habari zilienea ati ameuawa na simba. Uchunguzi ukaonyesha ni mkono wa binadamu. Bally naye alifariki mwaka huo huo. Mshubiri mmoja uotao sehemu za Taita, mrefu kama mti, unaitwa kwa jina lake, Aloe ballyi. Huo usiuguse kwa dawa, una sumu.