Kabaka Mwanga II: Mitumbwi Iliyomrudisha Mengo

Kabaka Mwanga II wa Buganda alirithi kiti cha enzi mwaka 1884, akiwa kijana, na mwaka uliofuata akaweka makao yake katika kilima cha Mengo. Karibu na kilima hicho aliamuru lichimbwe bwawa, akikusudia kuliunganisha na Ziwa Victoria kwa mfereji. Kazi hiyo ya shuruti iliwachukiza raia na wakuu. Septemba 1888 alipinduliwa, akakimbilia kusini mwa ziwa bila hazina wala jeshi.

Kilichomwokoa ni mitumbwi ya mbao zilizoshonwa kwa nyuzi, iliyopigwa makasia na wenyeji wa visiwa vya Ssese. Mwaka 1889 alipiga kambi katika kisiwa cha Bulingugwe. Mpinzani wake Kalema alishika mji mkuu, lakini hakuwa na nguvu majini. Hakuweza kukivamia kisiwa wala kujua wafuasi wa Mwanga wangeteremka pwani ipi. Mwanga alirejea Mengo Oktoba, akafukuzwa Novemba, akarudi kisiwani, kisha Februari 1890 akautwaa mji tena.

Baada ya vita vya Mengo vya Januari 1892, alikimbilia Bulingugwe kwa mara nyingine. Safari hii bunduki ya Maxim ya kampuni ya Waingereza ilikifikia kisiwa, na wengi walizama. Alikamatwa mwaka 1899, akafia uhamishoni Ushelisheli mwaka 1903. Mwaka 1910 mwili wake ulizikwa Kasubi. Bwawa lake lipo hadi leo. Mfereji haukufika ziwani.