Mwalimu na Amana ya Ardhi

Julius Kambarage Nyerere, mwana wa Mtemi Burito wa Wazanaki, alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922 na kufariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Habari za uhuru na za Azimio la Arusha zinajulikana kwa kila mwananchi. Leo twapenda kukumbusha upande wa maisha yake usiosimuliwa sana, unaohusu wanyama, miti na udongo.

Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya uhuru, Mwalimu alitoa tamko mjini Arusha kuhusu wanyama wa porini. Alikiri kwa niaba ya Taifa kwamba viumbe hao ni amana, nasi ni wadhamini tu kwa ajili ya wajukuu wetu. Hivyo yeye aliyeufanya usawa wa binadamu kuwa nguzo ya siasa yake hakumpa binadamu ruhusa ya kuangamiza viumbe wengine.

Hata hivyo, kumheshimu marehemu si kuficha makosa. Wasukuma walikuwa na desturi ya ngitili, yaani kufunga sehemu ya malisho ili majani na miti ipumzike hadi kiangazi. Mkoloni alifyeka mapori ya Shinyanga akipiga vita mbung'o, na kilimo cha pamba kikayala yaliyobaki. Kisha Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976, iliyoongozwa na Mwalimu na sisi makada, ikawahamisha watu wakaziacha ngitili zao. Nia ilikuwa njema, lakini ardhi iliumia.

Mwaka 1984 Mwalimu aliizuru Shinyanga, akaona nchi ikigeuka jangwa, wala hakuona haya kulisema. Mwaka 1986 Serikali ikaanzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Maofisa walipokubali kujifunza kwa wazee, na mabaraza ya dagashida yakasimamia sheria zake, ngitili zilizokuwa kama hekta 600 tu zilizidi hekta 300,000 kufikia mwaka 2004.

Somo hilo linaihusu Mwakitolyo, mkoani humo humo. Wachimbaji wadogo wanatafuta riziki ya halali; lakini maduara yanadai magogo ya kuzuia kuta, na zebaki inayokamata dhahabu haitoweki ikimwagwa, bali huingia majini na katika samaki. Ndugu zetu wa visiwani hawahitaji maelezo marefu, kwani mkaa kisiwani huuona mwisho wa ardhi yake kila siku.

Basi maofisa wasingoje jangwa liwafundishe. Hawana budi kuwaendea wachimbaji kama walivyowaendea wazee wa ngitili, kwa kusikiliza kwanza. Ardhi haipigi kura wala haileti malalamiko ofisini. Aliyekabidhiwa amana ndiye apaswaye kuisemea.