HEIKE KAMERLINGH ONNES, MTU WA BARIDI



Onnes alizaliwa Groningen, Uholanzi, mwaka 1853. Baba yake alikuwa na kiwanda cha kuchoma vigae. Mwaka 1882 akawa profesa kule Leiden, na hakutumika peke yake: mwaka 1901 alifungua shule ya mafundi wa vyombo na vioo. Mwaka 1908 akageuza gazi ya heliumu kuwa maji. Mwaka 1911, katika ile baridi ya digrii 269 chini ya sifuri, umeme ukapita ndani ya zebaki bila kizuizi. Gilles Holst ndiye alipima, lakini ripoti ilikuwa na jina la Onnes tu. Onnes alipata zawadi ya Nobel mwaka 1913, akafa mwaka 1926.

Mwaka 1986 Bednorz na Müller, kule Uswisi, waliona ajabu hiyo ndani ya unga wenye shaba uliochomwa kama vigae. Vitu hivyo vinavunjika kama chungu. Unga wa feza ukichanganywa unaziba matundu na kuzuia nyufa. Unga wa chuma hapana, unaharibu.

Sisi wa mwaka wa sita tunaona hivi: tukipima pamoja, majina ya wote yaandikwe.