Joginder Singh: Fundi gereji aliyezibwaga timu za viwanda kwa gari la mtumba

Na Mwandishi Wetu, Bariadi

MKAZI wa Bariadi aliyedunduliza fedha za pamba, mshahara au biashara hadi zikatosha kununua gari hukabiliwa na swali moja gumu. Achukue gari gani la kutembelea, lenye kasi ya kumridhisha, ambalo halitamfilisi kwa mafuta na vipuri?

Swali hilo lina uzito wa pekee katika Mkoa wa Simiyu. Kutoka Bariadi hadi Lamadi, umbali wa takriban kilometa 72, gari hukimbia juu ya lami. Likiiacha lami na kuelekea vijijini Itilima au Meatu, hukutana na vumbi, makorongo na, mvua zikinyesha, udongo mweusi wa mbuga unaonasa matairi kama gundi.

Wapo wanaodhani kuwa swali hilo limeletwa na wimbi la magari yaliyotumika kutoka Japani. La hasha. Lilikwisha kujibiwa miongo kadhaa iliyopita, tena hadharani, na fundi mmoja mzaliwa wa Kericho nchini Kenya ambaye hakuwa na utajiri wa kununua gari jipya la mashindano.

Fundi huyo ni hayati Joginder Singh, dereva wa kwanza kushinda mara 3 mbio za magari za Safari, ambaye mashabiki walimwita Singasinga Arukaye, na wengine Simba wa Kenya.

Mtoto wa gereji

Joginder Singh alizaliwa Februari 9, 1932, mjini Kericho, katika familia ya Kisingasinga yenye asili ya Punjab. Baba yake alikuwa fundi wa magari, na kijana huyo alikulia katikati ya harufu ya grisi na mlio wa nyundo, akajifunza mapema kwamba gari hueleza ugonjwa wake kabla ya kuzimika, mradi awepo mtu wa kulisikiliza.

Alipomaliza shule aliingia katika kazi hiyo hiyo ya ufundi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alifanya kazi ya doria katika chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, akipita barabarani kuwasaidia madereva waliokwama.

Kazi hiyo ilikuwa shule ya aina yake. Wakati wengine waliyajua magari kupitia matangazo ya wauzaji, yeye aliyajua kwa udhaifu wake: lipi huchemsha maji mlimani, lipi huvunja springi kwenye makorongo, na lipi huendelea kutembea ingawa limechoka.

Alianza kushiriki mashindano mwaka 1958, akiwa na umri wa miaka 26. Mbali na kuwa dereva, alikuwa fundi wa gari lake mwenyewe.

Mbio zilizopima magari ya kawaida

Mbio alizoingia zilianzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Ziliitwa Coronation Safari, na mwaka 1960 zikapewa jina la East African Safari. Zilifanyika wakati wa Pasaka, msimu wa mvua, na kwa miaka mingi zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa umbali wa takriban kilometa 5,000.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba katika miaka ya mwanzo magari yalipangwa katika madaraja kwa kufuata bei yake ya dukani. Yalikuwa magari yale yale ambayo mwalimu, karani au mkulima angeweza kuyanunua, na mnunuzi aliyasubiri matokeo ya Pasaka kwa hamu kama anayesubiri ushauri wa fundi anayemwamini.

Ndiyo maana orodha ya washindi wa miaka hiyo imejaa magari ya watu wa kawaida. Volkswagen ndogo, maarufu kwa jina la kobe, ilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Peugeot 404, gari la familia na la teksi lililoacha historia kubwa katika barabara za Afrika Mashariki, lilishinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968.

Timu za viwanda kutoka Ulaya zilikuja na madereva mashuhuri na mafundi wengi, lakini hadi kufikia mwaka 1971 hakuna dereva mgeni aliyekuwa ameshinda. Mwiko huo ulivunjwa mwaka 1972 na Hannu Mikkola wa Finland, akiendesha Ford Escort.

Ushindi wa gari lililokwisha kutumika

Mwaka 1965 Joginder alijitosa akiwa na mdogo wake, Jaswant Singh, katika gari aina ya Volvo PV544. Gari hilo halikuwa jipya. Lilikuwa limetumiwa na timu ya kiwanda katika mbio za mwaka 1964, ambazo Volvo haikufua dafu, na ndugu hao wakalinunua likiwa mtumba na kuliandaa upya kwa mikono yao.

Hata umbo lake lilikuwa limepitwa na wakati. Lilikuwa na milango miwili na mgongo uliobinuka, mtindo uliobuniwa tangu miaka ya 1940, na uundaji wake ulikoma mwaka huo huo wa 1965. Mpenda mitindo angelipita bila kuligeukia mara mbili.

Lakini macho ya fundi yaliona mengine. Lilikuwa na bodi ngumu, injini ya lita 1.8 iliyokuwa na nguvu ya kutosha bila mambo mengi ya kuharibika, na sehemu nyingi ambazo mtu angeweza kuzitengeneza kando ya barabara akiwa na zana chache.

Joginder na Jaswant walipewa namba 1, wakawa wa kwanza kuondoka. Hilo halikuwa pendeleo kama linavyoonekana, kwani aliyetangulia ndiye aliyelikuta tope bichi na mito ambayo hakuna aliyejua kina chake. Hakuna gari lenye namba hiyo lililokuwa limewahi kushinda.

Ndugu hao walirudi Nairobi wakiwa washindi, wakiwaacha wapinzani wao mbali. Kenya ilikuwa na uhuru wa miaka isiyozidi miwili, na watu wenye asili ya Asia walikuwa wakijiuliza nafasi yao ingekuwa ipi katika taifa jipya. Kwa mtoto wa gereji kutoka Kericho kuzishinda timu za Ulaya, akiendesha gari ambalo wenyewe waliloliunda walishindwa nalo mwaka uliotangulia, lilikuwa jambo kubwa kuliko kombe.

Lancer dhidi ya Porsche

Waliodhani kuwa ushindi ule ulikuwa wa kubahatisha walipata jibu mwaka 1974. Wakati huo Safari ilikuwa tayari sehemu ya michuano ya ubingwa wa dunia, na Joginder, mwenye umri wa miaka 42, alichagua Mitsubishi Colt Lancer ya cc 1,600.

Lancer ilikuwa imeingia sokoni mwaka 1973 kama gari dogo la familia. Miongoni mwa wapinzani wake ilikuwamo Porsche 911 iliyoendeshwa na Björn Waldegård wa Sweden, gari la bei mbaya lenye kasi ambayo Lancer isingeweza kuifikia katika barabara nzuri.

Barabara za mwaka huo, hata hivyo, hazikuwa nzuri. Mvua ilinyesha, tope likajaa, na mbio zikawa za gari linaloendelea kutembea. Joginder, akisaidiwa na David Doig, alishinda, huku Waldegård akishika nafasi ya pili.

Mwaka 1976 wawili hao walirudia kwa Lancer, na safari hii magari ya aina hiyo yalizoa nafasi zote 3 za juu. Joginder alikuwa na umri wa miaka 44. Rekodi yake ya ushindi mara 3 ilikuja kuvunjwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyefikisha ushindi mara 5 mwaka 1982.

Rekodi inayomhusu mnunuzi

Pamoja na makombe hayo, takwimu inayomgusa zaidi mtu wa kawaida ni nyingine. Joginder alishiriki Safari mara 22 na akamaliza mara 19. Katika mbio ambazo mwaka 1963 na 1968 ziliishia na magari 7 tu kila mara, kumaliza lilikuwa jambo la kujivunia.

Kwa Joginder, gari lenye kasi lilikuwa lile linalofika. Aliyakagua magari yake mwenyewe, aliyajua kila nati, na alijua wakati wa kuondoa mguu kwenye mafuta. Dereva anayepita kama mshale na kisha kulala gereji siku 3 amepitwa hata na mwenye baiskeli.

Kwa mnunuzi wa Simiyu, somo hilo lina hesabu zake. Hapa nchini gari lenye injini kubwa hutozwa ushuru mkubwa zaidi, na lililozidi miaka 8 huongezewa kodi ya uchakavu. Gari la chini lililotengenezwa kwa ajili ya lami hupendeza Lamadi, lakini kwenye mbuga hukwaruza tumbo. Lenye vipuri visivyopatikana Bariadi au Mwanza humgeuza mwenyewe kuwa abiria wa daladala.

Si ajabu basi kwamba Toyota Probox, ambazo watu wa Kanda ya Ziwa huziita mchomoko, zimetapakaa kila kona. Hazina sura ya kutamanisha, kama ilivyokuwa Volvo ile ya mwaka 1965, lakini ni nyepesi, zina injini ya wastani na kila fundi anazifahamu.

Hata hivyo, aliyoyafanya Joginder aliyafanya katika mashindano. Barabara ya kila siku ina watoto wanaotoka shule na ng'ombe wanaorudi zizini, na kikomo cha kilometa 50 kwa saa kwenye makazi kinamhusu mwenye Probox sawa na mwenye Porsche.

Joginder Singh alifariki dunia jijini London Oktoba 20, 2013, akiwa na umri wa miaka 81. Mwananchi wa Bariadi anayejiandaa kutoa akiba yake ya miaka mingi atakuwa amemuenzi vyema iwapo, kabla ya kulipa, atamwomba fundi anayemwamini afungue boneti, kisha alale chini na kulitazama gari hilo uvunguni.