Sir David Bruce na Siri ya Maziwa ya Mbuzi

Nimechagua kuwasimulia maisha ya daktari ambaye jina lake tunalitaja kila tunaposema fulani ana brusela.

David Bruce alizaliwa mwaka wa 1855 huko Melbourne, Australia, na wazazi Waskoti. Akiwa na miaka 5 walirudi kwao Uskoti. Alisomea udaktari Edinburgh, akahitimu mwaka wa 1881, kisha akaingia jeshi la Uingereza. Mwaka wa 1884 alitumwa katika kisiwa cha Malta pamoja na mkewe Mary, aliyekuwa msaidizi wake katika maabara.

Huko Malta askari walikuwa wanaugua homa ya ajabu. Ilipanda, ikashuka, ikarudi tena kwa majuma, hata miezi. Mgonjwa alilowa jasho usiku, viungo vikamuuma na nguvu zikamwishia. Mwaka wa 1887 Bruce alitangaza kwamba amemwona bakteria wa homa hiyo katika bandama za askari waliofariki.

Basi mtadhani shida iliisha? Wapi! Adui alijulikana, lakini njia yake haikujulikana, na askari wakazidi kuugua. Bruce aliondoka Malta. Akiwa Zululand alichunguza nagana ya ng'ombe na mbung'o anayeieneza. Mwaka wa 1903 alifika jirani zetu Uganda, akasaidia kuthibitisha kwamba mbung'o ndiye anayeeneza malale.

Mwaka wa 1904 Bruce alipewa kuongoza tume ya kuchunguza homa ya Malta. Mwaka uliofuata mwanatume mmoja, Themistocles Zammit, daktari wa Malta, alipima damu ya mbuzi. Kumbe! Mbuzi waliopitishwa barabarani na kukamuliwa mbele ya wateja walikuwa na bakteria yule yule, ingawa kwa macho walionekana wazima kabisa. Hakika kikulacho ki nguoni mwako.

Mwaka wa 1906 askari walikatazwa maziwa mabichi ya mbuzi, na wagonjwa wakapungua ghafla. Raia wa Malta waliendelea kuyanywa na kuugua kwa miaka mingi.

Bruce alipewa cheo cha Sir mwaka wa 1908, na baadaye bakteria hao wakaitwa Brucella. Alifariki London mwaka wa 1931, siku 4 tu baada ya mkewe. Mimi namheshimu sana, lakini naona Zammit naye anastahili kukumbukwa. Mmoja alimwona adui, mwingine akaonyesha mlango anaopitia.

Mlango huo bado uko wazi kwetu sisi wafugaji. Kuna watu wanaosema eti maziwa yakichemshwa yanapoteza utamu, au kwamba ng'ombe wao ni mzima kwa hivyo hakuna haja. Mbuzi wa Malta pia walionekana wazima! Tuyachemshe maziwa. Mnyama akiharibu mimba, tusimguse kwa mikono mitupu. Tumwite daktari wa mifugo. Na homa ikiturudia kila mara, tusinunue tu dawa za malaria dukani. Twende tukapimwe damu, kwa maana brusela ina dawa, ila inahitaji majuma kadhaa ya kumeza bila kukatiza.